Kutoa Upepo Mbele ya Mkwe

Bakili, mnunuzi wa vyuma chakavu, alisema atafika na lori lake saa tisa alasiri, na mimi nilikuwa nimeshampa neno langu: akiikuta mashine imekufa, abebe. Wanangu wa kiume walioko mjini Songea ndio walionisukuma. Walisema, mama, miezi miwili haijaunguruma, unalinda kaburi. Nikakubali kwa hasira, maana hasira zangu hazihitaji kuitwa mara mbili, na tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Mashine yenyewe ni ya kusaga mahindi, ya dizeli. Mume wangu Edmund aliifunga hapa Mpitimbi tulipoacha kulima tumbaku, na alipofariki nikaendelea nayo mwenyewe miaka kumi na moja. Umeme uliofika kijijini ni wa kuwashia taa na kuchaji simu. Wa kuzungusha kinu bado tunausubiri. Bila ile mashine mimi ni mjane wa kukaa barazani na kuletewa sukari na watoto. Sikutaka kuwa huyo.

Jumamosi hiyo asubuhi akaja Aidani, mume wa binti yangu Anjelika, fundi wa gereji moja pale Majengo. Hakuna aliyemwita. Alishuka kwenye bodaboda na mkewe akifuata na ya pili, amekumbatia pampu mpya na filta mpya. Akachuchumaa mbali, macho chini. "Shikamoo mama." Nikaitikia "Marahaba" nikiwa nimegeukia ukuta. Ndivyo nilivyolelewa. Mama na mkwe wake wa kiume hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawasemezani ana kwa ana, na chumbani kwa mama mkwe hata kivuli chake hakiingii. Ana miaka mitatu na mwanangu, na sikuwahi kumtazama usoni.

Kwa hiyo Anjelika, na mimba yake ya miezi minane, akawa mjumbe.

Saa sita pampu na filta zilikuwa zimefungwa. "Mama, anasema bado kutoa upepo tu," Anjelika akaniletea jikoni. Nalijua hilo. Ukifungua bomba la dizeli, upepo unaingia, na upepo ukiwemo injini haiwaki hata uisalie rozari. Unalegeza nati juu ya filta, unapampu kwa mkono, povu linatoka, unaendelea mpaka dizeli itiririke safi, unakaza. Edmund alikuwa anaimaliza kazi hiyo kabla uji haujapoa.

Aidani akapampu. Povu. Akakaza, akalegeza, akapampu tena. Saa saba povu, saa saba na nusu povu. Moyo ulikuwa unaniuma, na mimi nikiumwa moyo mdomo ndio unaotibu.

"Mwambie mumeo kama ameshindwa aseme, asinimalizie dizeli!"

Jibu likarudi kwa upole: "Mama, anasema upepo unaingia njiani. Upande wake amekagua kila nati. Anaomba kujua bomba linaanzia wapi."

Bomba lilianzia chumbani kwangu, chini ya kitanda. Wezi wa dizeli walipotusumbua, Edmund alilihamishia dumu huko na kutoboa tundu ukutani, mpira ukapita hadi kwenye mashine. Tangu asubuhi nilijua kwamba nusu ya njia ile fundi hawezi kuiona, na nilinyamaza kwa aibu ya kumtajia mkwe kitanda changu.

"Mwambie linaanzia ndani."

"Ndani wapi?" sauti ya Aidani ikauliza kutoka kibanda cha mashine.

"Ndani," nikasema.

Anjelika akajipiga kofi pajani. "Mama! Sema chini ya kitanda! Mficha uchi hazai. Mimi nina mimba, sio mnara wa simu. Semezaneni wenyewe." Akaenda kukaa kivulini, akanyoosha miguu, akatugeuzia mgongo.

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikapiga magoti kama mtu anayetafuta sindano. Nilisikia mtu akihema upande wa pili wa tundu.

"Mama," ukuta ukasema. "Samahani sana."

"Sema tu, baba."

"Dumu liko chini, pampu inavuta kwenda juu. Mpira ukiwa na ufa hauvuji dizeli, unanyonya upepo. Mimi napampu. Wewe pitisha mkono polepole, usikilize."

Nikapitisha mkono. Penye mguu wa kitanda, pale ambapo chuma kilikuwa kimeusugua mpira miaka yote hiyo, nikasikia: fyu, fyu, fyu.

"Nimeupata!"

"Kata hapo penye ufa, mama, kisha uunge upya. Kata sawasawa, usiende upande."

Ananifundisha kukata! Mimi niliyekata vitovu vya nusu ya watoto wa kijiji hiki. Lakini nilikata kama alivyosema, nikaviunga vipande kwa kibomba alichonipitishia tunduni kwenye waya, nikafunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli mpaka vidole vikaniuma. Akapampu. "Povu," akasema. "Bado povu."

"Safi, mama! Inatoka safi!"

Ndipo tukalisikia lori la Bakili likipanda mlima wa shule.

"Bado upepo wa bomba la nozeli, linaloingiza dizeli kwenye injini," Aidani akasema haraka. "Mmoja azungushe hendeli, mwingine ashike spana." Anjelika akanyanyuka mbio, akafika mlangoni, harufu ya dizeli ikampiga, akageuka kutapika. Majirani wote walikuwa mashambani wakivuna.

Nikatoka chumbani, nikaingia kibanda cha mashine. Aidani aliponiona akainamisha kichwa na kurudi nyuma atoke.

"Baki hapo," nikasema. "Nipe spana."

Akanipa. Mkono kwa mkono.

Akazungusha, jasho likimdondoka, vichwa vyetu karibu kugusana. Nikalegeza nati. Ikatema povu, ikatema tena, halafu dizeli tupu ikaniruka usoni.

"Funga!" Aidani akanikemea, mimi mama mkwe wake. "Funga, funga!"

Nikafunga. Akazungusha kwa nguvu zake zote. Moshi mweusi, kikohozi kimoja, cha pili, kisha ardhi ikaanza kutetemeka chini ya miguu yangu. Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti na hakuna aliyenisikia.

Bakili alisimama mlangoni na kamba begani. "Alhamdulillah, mama," akapiga kelele juu ya mngurumo, "hii siyo chakavu," akageuza lori.

Mngurumo ulipofika mashambani, mwanamke wa kwanza akaja mbio na debe la mahindi, wengine wakimfuata. Aidani alikuwa anakusanya spana, macho chini, akipita pembeni kabisa aondoke kwa heshima yake.

"Unakwenda wapi?" nikamfokea sikioni. "Gunia linajishika lenyewe?"

Akaweka spana chini. Akashika mdomo wa gunia upande mmoja, mimi nikashika wa pili, na unga ukaanza kushuka katikati yetu, wa moto.