Kipimo cha Mchanga

Kazi yangu ni kuchoma wadudu. Sitanii. Nawatia mbu wa mikorosho kwenye vichupa, navipanga kwenye kabati la joto, napandisha hadi nyuzi arubaini, halafu nakaa na daftari kuandika nani kafa na nani bado anachezesha miguu. Nimesomea kazi hiyo miaka mitatu, na mama yangu kule Njombe anawaambia wenzake wa kwaya kwamba Jesca wake ni mtaalamu.

Mbu hawa si wale wanaotuuma usiku pale Rahaleo ninakopanga. Hawa wananyonya maua na korosho changa. Wanapochoma panageuka peusi, na siku chache baadaye korosho inasinyaa na kudondoka. Nilikuwa nawachukua kwa dada Saida, mkulima wa kijiji kimoja ukishaipita Likombe kuelekea mto Ruvuma unakoingia baharini. Alikuwa na mikorosho arubaini. Nasema alikuwa.

Mikorosho yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mama yake, na kwao mwenye kauli ya mwisho ni mjomba. Saida alipoachika na kurudi nyumbani na watoto wawili, mjomba Omari alimpa miti ile kwa majaribio ya misimu mitatu. Akiimudu, ni yake na ya wanawe. Ikimshinda, inakwenda kwa Mohamedi, mpwa mwingine, ambaye mpaka leo sijawahi kumwona ameshika jembe. Misimu miwili Saida aliimudu vizuri. Mwaka jana ulikuwa wa tatu.

Yeye ndiye aliyenikamatia wadudu. Alikuwa anaamka alfajiri wakiwa bado wazito kwa ubaridi, anawachukua kwa vidole mmoja mmoja na kuwatia kwenye chupa aliyoifunika kwa kipande cha kanga. Hakutaka malipo. Alitaka kitu kimoja tu.

"Mdogo wangu, ukishamaliza kuwatesa, uje uniambie wamesema nini."

Pale kijijini wana kipimo chao cha tangu enzi za bibi zao. Mwezi wa tisa, saa saba mchana, mtu anavua kandambili, anasimama peku kwenye mchanga katikati ya shamba na kuanza kuhesabu. Akishindwa kufika ishirini, basi jua limeshakuwa la kuua mbu, na dawa haipulizwi tena. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikarudi kwenye kituo chetu cha utafiti kufungua madaftari ya zamani, nikakuta bibi zao walikuwa sahihi kabisa. Wadudu wa enzi hizo walikuwa wanakufa kwa joto hilohilo.

Wa Saida waligoma kufa. Mdudu, kama sisi, ana vinasaba, yaani maagizo ya mwili anayorithi kwa wazazi wake. Joto likizidi, baadhi ya vinasaba hivyo vinaamka na kutengeneza protini za kuukinga mwili usiharibike. Kwa wadudu wa shamba lile viliamka mapema na kwa nguvu tusiyowahi kuiona. Tukawalea watoto wao, kisha wajukuu, nao wakawa vilevile. Jua kali la miaka hii lilikuwa limewamaliza wanyonge na kutuachia wakorofi wazaliane.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nane. Dakta Danieli, mkuu wa mradi wetu, alifurahi hadi akatununulia soda.

"Ila hii isitoke humu ndani mpaka makala ichapishwe," akasema. "Wakulima tutawachapishia vipeperushi."

"Sawa, Dakta," nikajibu. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Nalitaja hilo mlijue, si mnihurumie.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kumrudishia Saida chupa zake. Alinipikia mihogo ya nazi na samaki, tukakaa jamvini mimi na yeye.

"Haya, wamesemaje?" akauliza. "Nnayo chupa moja ya dawa imebaki. Nipulize tena mwezi wa tisa, au jua litawamaliza?"

Nilikuwa na muhogo mdomoni. Ningeweza kuumeza na kusema neno moja tu: puliza. Niliumeza.

"Bado tunachunguza, dada."

"Basi tutapima mchanga," akasema, akaniongezea samaki.

Alipima. Alifika kumi na nne, akaruka pembeni huku anacheka, na chupa ya dawa akaipandisha darini. Mwezi haujaisha, korosho changa zilikuwa nyeusi mti baada ya mti. Aliponipigia simu nilikwenda, nikakuta hakuna cha kuokoa. Mjomba Omari naye alikuja. Alilizunguka shamba lote taratibu, Mohamedi akimfuata nyuma na mikono mifukoni.

"Umejitahidi, mwanangu," akamwambia Saida. "Lakini tulikubaliana."

Makala yetu ilitoka mwezi wa kwanza. Tunamshukuru mfadhili, tunamshukuru fundi wa kabati, na mwishoni tunawashukuru wakulima, bila jina hata moja. Vipeperushi vikaja vya rangi. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaona ni heshima cha kwanza nimpelekee Saida mwenyewe.

Nilimkuta jikoni kwa mama yake anamenya mihogo. Alijifuta mikono, akakisoma kipeperushi kwa sauti, polepole, hadi mstari wa chini: "Usiache kupuliza dawa kwa sababu ya jua kali." Akaurudia. Kisha akaniangalia.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa nane, dada. Mwishoni."

"Siku ile ya samaki ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane, maana matusi ningeyabeba. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile chupa ya dawa. Ilikuwa na vumbi na kizibo chake hakijafunguliwa. Akakikunja kipeperushi, akaniwekea vyote viwili mkononi.

"Mpelekee Mohamedi," akasema. "Na wadudu, safari hii ukamwombe yeye."

Akakaa chini, akachukua muhogo mwingine na kuendelea kumenya.