Kidole cha Bi Pringle

Kwa miaka mitatu, msichana mgeni akiletwa kwenye chumba cha injini aliambiwa, "Simama hapo, mtazame Grizel." Kisha Oktoba akaja Wilma Gourlay, na kufikia Machi wageni walikuwa wakisimamishwa upande wa pili wa meza, wamtazame Wilma.

Grizel Hannay aliendelea kukwangua.

Kiwanda kile cha mtoni karibu chote kilikuwa cha wanawake. Vita vilipokwisha, wanaume waliporudi kwenye kazi zao kwingine, wao walibaki pale na ovaroli zao wakiunda magari. Kazi ya Grizel ilikuwa beringi, vile vipande vya madini laini, vilivyopinda kama nusu ya bomba, ambamo mhimili wa injini hulala na kuzunguka. Unapaka mhimili rangi ya buluu, nyembamba kama pumzi kwenye kioo, unaulaza ndani ya beringi na kuuzungusha. Ukiuinua, buluu imebaki pale palipoinuka. Unapakwangua hapo tu, kidogo sana, unapaka tena. Beringi ikijaa vitone vya buluu pande zote, umemaliza. Ukipaka rangi nene inakudanganya, inaenea kila mahali na kazi mbovu inaonekana nzuri. Kila fundi alichanganya buluu yake mwenyewe. Wengi walitumia mafuta ya mashine. Grizel alitumia mafuta ya kondoo kutoka kwao, kwa hiyo yake ilikuwa imepauka, ikielekea kijani.

Yeye beringi tatu za injini moja zilimchukua siku tatu. Wilma alizimaliza kwa siku moja na nusu, tena akiimba kwa pua.

"Grizel, punguza macho," alisema Effie, aliyekaa karibu naye na ambaye mdomo wake haukupumzika. "Utamtoboa mwenzio mgongo."

"Namtazama nani?"

"Si mimi, bibie. Mimi hujanitazama tangu mwaka juzi."

Wenzao wakacheka. Wilma naye alicheka, na hilo ndilo lililomuuma Grizel zaidi.

Wiki hiyo kulikuwa na jambo. Jumamosi gari jipya lingekwenda Glasgow kwenye mashindano ya kupanda mlima, na fundi mmoja angekaa kando ya dereva. Bi Pringle, msimamizi wao, alikuwa amesema angemchagua Ijumaa kati ya Hannay na Gourlay, kwa kuzipima injini zao. Barabara ya Glasgow ilipita mbele ya karakana ya baba yake Grizel. Mzee Hannay alikuwa mhunzi. Miaka mitatu alikuwa akimwambia binti yake, "Nitaamini wewe ni fundi siku nitakapokuona umekaa ndani ya hilo gari." Kiwanda kizima kilikijua kisa hicho, maana Grizel mwenyewe alikuwa amekisimulia, enzi zile alipokuwa akisimulia mambo.

Alhamisi mchana, wenzake walipokwenda kula mikate yao ya shayiri na jibini, Grizel alibaki. Alikuwa na hakika kwamba Wilma anapaka rangi nene. Hakuna mtu anayekwangua upesi namna ile. Akazichukua beringi za Wilma kutoka kwenye kitambaa zilikopangwa, akapaka mhimili buluu yake mwenyewe, nyembamba kuliko aliyowahi kupaka, akajaribu.

Vitone vilijaa. Vidogo, vya karibu karibu, kutoka ukingo hadi ukingo. Akajaribu ya pili, na ya tatu. Alisimama akizitazama kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

Kengele ikalia. Akazifuta mbiombio, akazirudisha kwenye kitambaa, akakaa mahali pake.

Ijumaa asubuhi Wilma alifunga injini yake. Kipimo cha Bi Pringle kilikuwa kimoja tu, na hakuna aliyewahi kukibishia: aliweka kidole chake cha mwisho kwenye mhimili na kuusukuma. Ukizunguka, aligonga namba ya fundi kwenye kila beringi. Usipozunguka, unafungua upya.

Wa Grizel ulizunguka. Akauendea wa Wilma, akaweka kidole.

Haukutikisika.

"Umegoma," alisema Bi Pringle taratibu.

Wilma akachukua spana, akafungua. Akaitoa beringi ya mbele, kisha ya nyuma, akazigeuza mgongo. Grizel akaona naye alichokiona Wilma: alama ya kidole gumba, ya buluu iliyopauka, ikielekea kijani. Ndipo akaelewa. Zilikuwa hazijagongwa namba bado, zote mbili za ukubwa mmoja, na katika haraka yake ya jana alikuwa ameweka ya mbele mahali pa ya nyuma, ilhali kila moja ilikuwa imekwanguliwa kwa mahali pake tu.

Wilma aliinua macho, akamtazama kidogo tu. Akaipangusa ile alama kwa kitambaa.

"Nilizipanga vibaya, Bi Pringle. Kosa langu."

"Asiyejua kupanga vitu vyake hapandi gari la mashindano. Hannay, kesho saa moja uwe tayari."

Basi alikuwa ameipata nafasi ya garini. Grizel alingoja furaha ije. Badala yake alimwona Wilma akizibadilisha zile beringi bila kinyongo, akianza tena kuimba kwa pua. Huyu mtu alikuwa na mikono hodari kumzidi. Sasa alitaka na wema pia uwe wake?

"Hakukosea," alimwambia Bi Pringle.

"Nini?"

"Nilizitoa mimi, jana saa ya chakula. Nikazirudisha ovyo."

Vichwa vyote vikageuka. Hata cha Effie.

"Ulizitoa kwa nini?"

"Nilitaka nizikute mbovu."

"Ukazikutaje?"

"Nzuri," alisema Grizel. "Kuliko zangu."

Wilma alikuwa amekwisha kufunga. Bi Pringle akaweka kidole, na mhimili ukazunguka kimyakimya, ukazunguka tena wenyewe kabla ya kusimama. Akachukua nyundo na kugonga namba.

"Gourlay, kesho saa moja. Hannay, kuanzia Jumatatu utakaa benchi la wageni, mpaka nitakapokwambia."

Alipoondoka, Wilma aliinama juu ya meza. "Mjinga wewe! Nilikuwa nimeshakuachia nafasi. Baba yako angekuona. Mimi barabarani sina wa kuniona."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Sikuitaka kutoka kwako."

Jumamosi Grizel alisimama mlangoni mwa karakana, mikono ndani ya aproni ya baba yake. Gari likaja likinguruma kutoka mtoni, likapita. Kando ya dereva alikuwa mwanamke mwenye kofia ya ngozi. Akageuka, akainua kidole chake cha mwisho juu.

"Ni nani yule?" aliuliza mzee Hannay.

"Wilma Gourlay."

"Fundi?"

Grizel alilifuata gari kwa macho hadi likakata kona, akaisikiliza injini mpaka isisikike tena. Haikukosea hata mara moja.

"Ndiyo," alisema. "Fundi."

Ndani ya aproni, kidole chake cha mwisho kilikuwa kimenyooka. Hakukitoa.