Mlango wa Choo wa Mama Geeske

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, saa nne kasorobo asubuhi, Annemiek aliingia katika choo cha marehemu mama mkwe wake, Mama Geeske, akafunga mlango, akapiga magoti, akaanza kuufuta kwa ndani. Alikuwa na chupa ya spiriti, furushi la pamba, ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni na glavu za manjano. Kidirisha cha juu alikuwa amekifungua, maana spiriti katika choo kidogo kama kile inaweza kumlewesha mtu kabla ya chakula cha mchana.

Mlango ulikuwa umejaa majina. Katika kijiji kile cha jimbo la Friesland kila nyumba huweka siku za kuzaliwa chooni, kwa sababu ndiko mtu anakokaa bila kazi nyingine akapata nafasi ya kusoma nani kazaliwa lini. Wengine hutundika kalenda. Mama Geeske hakuziamini kalenda, zinachanika na kudondoka. Mwaka aliohamia pale alichukua maka peni nyeusi, ile ya wino usiotoka, akaandika mlangoni moja kwa moja, jina na tarehe, jina na tarehe, mpaka wakafika watu sabini na mmoja. Waliokufa aliwachorea msalaba mdogo pembeni na kuwaacha walipo. Aliona kufa hakumwondolei mtu siku yake ya kuzaliwa.

Yeye mwenyewe alifariki mwezi Machi. Shirika la nyumba, ambalo ndilo lililompangisha, lilimtuma mkaguzi mmoja mpole aitwaye Jorrit, aliyevua viatu mlangoni na kutembea na tableti yake kila chumba. Chooni alikaa muda mrefu kidogo. Alipotoka alisema mlango urudi mweupe kama ulivyokabidhiwa mwaka 1977, na kwamba atarudi kuutazama tarehe thelathini Aprili.

Watoto wawili wa marehemu walikaa wagawane kazi. Tjitske, binti mkubwa, alisema mgongo. Wiebe, mume wa Annemiek, alisema magoti. Kisha wote wawili wakamgeukia Annemiek.

"Wewe bado kijana," alisema Tjitske.

Hilo lilikuwa kweli. Annemiek alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na huu ulikuwa mwaka wa thelathini na nne anao umri huo. Siku ya harusi yeye na Wiebe walikuwa rika moja. Siku hizi watu wasiowajua humuuliza Wiebe kama amekuja na binti yake. Majirani walisema Annemiek anajitunza. Katika duka la rangi alikofanya kazi miaka yote hiyo, wateja bado humwomba awaitie mtu mzima, na cheo cha mkuu wa idara hupewa wengine ili yeye azidi kukomaa.

Haya yote aliyamudu. Kilichomkosesha raha ni mwanawe wa pekee, Jelmer, ambaye tarehe mbili Juni angetimiza thelathini na mitatu, na mwaka unaofuata angempita. Ingekuwa nchi nyingine, mama angeanza kumwamkia mwanawe shikamoo. Huku watu hupeana busu tatu za mashavuni na yakaisha, kwa hiyo aibu ingekuwa ndogo, lakini Annemiek hakuitaka hata hiyo ndogo. Alitaka kubaki mbele ya mtoto wake kama mama yeyote, ila hakujua aanzie wapi.

Basi alifuta. Tjitske alikuwa amempa ushauri wa dawa ya meno, halafu wa dawa ya kupulizia nywele. Annemiek alijaribu vyote viwili kwa heshima, na akapata mlango wenye wino na harufu ya mnanaa. Wiebe alisema wapake tu rangi mpya juu, wamalize. Annemiek, ambaye huulizwa swali hilo dukani kila wiki, alimweleza kwamba wino wa namna ile hupanda. Unaweza kuupaka rangi mara tatu na mwezi ujao majina yakakuchungulia tena. Dawa yake ni spiriti. Unaijaribu kwanza pembeni uone kama rangi itavumilia. Hii ilikuwa rangi ya mafuta, ikavumilia. Unalowesha pamba kidogo, unabonyeza badala ya kusugua, unatoka nje ya doa kwenda ndani lisitapakae, unageuza pamba kila mara, na mwisho unasuuza kwa maji ya sabuni kabla rangi haijafifia. Alianza na mjomba Sietse, mwenye msalaba, kule chini karibu na bawaba, akapanda taratibu. Ilimchukua siku nne. Ijumaa jioni mlango ulikuwa mweupe wote.

Wiki iliyofuata Wiebe alilala tarehe kumi na tisa Aprili akaamka tarehe ishirini na moja. Tarehe ishirini, siku yake ya kutimiza sitini na saba, haikumpitia. Keki aliyokuwa ameiagiza ilikuwa mezani imekauka kingo. Kiwanda cha jibini, alikokuwa aage siku hiyo baada ya miaka arobaini na mmoja, kilimpigia simu kuuliza kwa nini hajafika zamu, na ofisi ya pensheni ikamwandikia barua ya adabu kwamba wanamsubiri atimize umri. Wiebe aliisoma barua mara mbili, akavaa koti, akaenda nyumba ya mama yake, nyumba tatu kutoka kwao, akaukuta mlango ulivyo mweupe.

"Umenifuta," alimwambia mkewe, aliyekuwa amemfuata hadi chooni.

"Mlisema nifute wote," alisema Annemiek.

Alikaa juu ya kifuniko cha choo, akautazama mlango, na hapo mambo yakamkalia sawa. Yeye hakuwahi kuwemo. Alipoolewa, mama yake mzazi alimwondoa kwenye kalenda ya kwao, akisema sasa atakuwa kwenye mlango wa wakwe. Mama Geeske naye alisema tuone kwanza kama atakaa. Alikuwa na sababu. Roelie, mke wa kwanza wa Wiebe, aliandikwa wiki ile ile ya harusi, na miaka mitatu baadaye akaondoka na mwalimu wa udereva. Wino haukutoka. Roelie alibaki pale, tatu Februari, kati ya mchinjaji na mke wa mchungaji, akazeeka vizuri huko alikokwenda. Na Annemiek, siku zote hizo za ndoa, alikuwa akilala tarehe nane Oktoba na kuamka tarehe kumi. Alidhani ni uchovu wa vuli.

"Wewe ulijua?" alimuuliza Wiebe.

"Niliona unalala vizuri," alisema Wiebe. "Nikakuacha."

Annemiek aliinuka. Alitoa maka peni mpya mfukoni, akaifungua kwa meno, akaandika jina lake katikati ya mlango, na tarehe tisa Oktoba. Wino ulijikusanya vitone vitone, ukateremka mlangoni, ukaishia sakafuni. Wiebe alichukua kalamu akaandika jina lake, nalo likateremka. Walifuta sakafu pamoja. Ilionekana wazi kwamba mlango ule unapokea mkono mmoja tu, ule wa Mama Geeske.

Kwa hiyo Alhamisi Tjitske alikuja, akachemsha kahawa jikoni kwa mama yake saa nne kamili. Katika maisha yake yote Mama Geeske hakuwahi kukosa kahawa ya saa nne. Tjitske alikuja pia na Bobbie, kitoto cha mbwa alichojinunulia baada ya mazishi ili kimliwaze. Saa nne na dakika moja mlango wa nyuma ulifunguka, Mama Geeske akaingia, akapangusa miguu yake, akaketi kwenye kiti chake. Alikuwa na lile gauni la bluu walilomzika nalo. Alionja kahawa akasema ni nyepesi. Tjitske akapitisha kopo la biskuti, kila mtu akachukua moja, na kopo likafungwa.

Wiebe alimweleza mama yake habari ya mlango, kiwanda na barua ya pensheni. Mama Geeske alisikiliza huku anamkuna Bobbie nyuma ya masikio.

"Watu wa shirika hawana kazi," alisema, akanyoosha mkono apewe kalamu.

Mlangoni aliandika kutoka kichwani, bila kuuliza. Alianza na Tjitske. Alipoandika Wiebe, ishirini Aprili, Wiebe alitimiza sitini na saba palepale kwenye ukumbi, magoti yakalia, ikambidi ashike ukuta. Akaja Jelmer, akaja mjomba Sietse na msalaba wake, wakaja majirani, mchinjaji, Roelie, mke wa mchungaji. Annemiek alisimama nyuma yake na birika la kahawa mkononi. Safari hii mwandiko wa mama mkwe ulikuwa mdogo na wa kubana, hivyo wote sabini na mmoja walipokwisha kuandikwa walikuwa wamechukua nusu ya juu tu. Kuanzia kitasa kwenda chini mlango ulikuwa mweupe mtupu.

Mama Geeske akafunika kalamu.

"Mama," alisema Annemiek, "na mimi. Tarehe tisa Oktoba."

Mama Geeske alitazama ile nusu ya chini, akaipitishia macho kutoka pembe hadi pembe.

"Pamejaa," alisema.

Tjitske akainama kumfunga Bobbie kamba. Annemiek alimtazama mumewe. Wiebe alikuwa akijipapasa magoti na kuhesabu wiki za kustaafu, na ingawa neno moja lake lingetosha, hakulitoa. Roho ilimuuma Annemiek kuliko siku yoyote ya ndoa yake. Akammiminia mama mkwe kikombe cha pili.

Ikabaki shida ya Jorrit. Majina yakibaki, nyumba haipokelewi. Yakifutwa, Wiebe anarudi kiwandani. Ufumbuzi ulitoka kwa Tjitske: nyumba zote za mtaa ule zilijengwa na shirika lile lile mwaka ule ule, na milango yake inalingana. Wiebe, ambaye kwa kazi hii magoti yake yaliruhusu, aliutoa mlango kwenye bawaba, akaubeba hadi kwake, akaufunga kwenye choo chao. Wa kwao, mweupe safi, uliosuguliwa na Annemiek kila Jumamosi, ukaenda kwa mama. Tarehe thelathini Jorrit alivua viatu, akautazama, akasema ni miaka hajaona kazi nzuri kama hii. Akaweka alama ya sawa kwenye tableti yake.

Tangu hapo Annemiek alikaa kila asubuhi mbele ya watu sabini na mmoja.

Tarehe moja Juni, watu wa nyumbani walipokwenda kununua soda za sherehe, aliingia chooni na chupa ya spiriti. Alilowesha pamba, akaipeleka kwenye jina la Jelmer. Kufuta neno moja na tarehe yake ni kazi ya dakika mbili. Jelmer angelala leo akaamka keshokutwa, angebaki na thelathini na miwili, na mama yake angebaki mbele. Pamba ilikuwa karibu kugusa herufi ya kwanza. Kisha aliona alama ya kidole pembeni, labda ya Wiebe alipokuwa akibeba mlango, akaifuta hiyo, polepole, kutoka nje kwenda ndani, akiangalia isifike kwenye jina. Akafunga chupa akairudisha chini ya sinki.

Siku ya pili viti vilipangwa mduara sebuleni. Kila aliyeingia alimpa hongera Jelmer, kisha akazunguka mduara mzima kuwapa hongera wengine wote, kama inavyopasa. Annemiek alipokea hongera ya Jelmer mara kumi na tatu. Mama Geeske, ambaye sasa huja kwenye shughuli zote, alipewa kiti cha dirishani. Watu walisema mama na mwana wanafanana kama mapacha.

"Annemiek, kahawa," alisema Tjitske. "Wewe na Jelmer ndio vijana humu."

Jelmer akataka kuinuka.

"Kaa," alisema mama yake, akamkandamiza bega. "Leo siku yako."

Alipopita ukumbini na birika alisikia chooni mlio wa maka peni, ule mlio mkavu wa ncha juu ya rangi ya mafuta. Alisimama. Mlio ulikwenda, ukakoma, ukaendelea kidogo, kama mtu anayemaliza tarehe. Birika lilikuwa linamuunguza mkono na hakuliweka chini. Maji yakavutwa, mlango ukafunguka, Mama Geeske akatoka akijipangusa vidole.

"Hongera ya Jelmer," alimwambia, akapita.

Annemiek aliingia, akafunga, akawasha taa. Chini ya kitasa, katikati kabisa ya ile nusu nyeupe, wino ulikuwa bado mbichi: *Bobbie, 11 Novemba*.

Alisimama pale mpaka Tjitske akaita tena kahawa. Spiriti ilikuwa jikoni chini ya sinki, na wino mbichi hutoka kwa mara moja. Lakini mbwa hakuwa na kosa.

Mwaka ule alilala tarehe nane Oktoba akaamka tarehe kumi. Wiebe, aliyestaafu, alikuwa amemwachia chai kwenye thermosi.

Tarehe kumi na moja Novemba wakaja wote. Viti vilipangwa mduara, Annemiek alioka keki ya tufaha, Bobbie akakaa katikati na utepe shingoni, ametimiza mwaka mmoja. Watu waliingia mmoja mmoja, wakampa mbwa mkono, kisha wakazunguka. Walipofika kwa Annemiek walimbusu mara tatu, shavu hili, lile, na hili tena, wakampa hongera ya Bobbie. Aliwashukuru, akauliza nani anataka maziwa kwenye kahawa.