Mpaka Mlalamikaji Aridhike

Dawati la malalamiko lilikuwa mwisho wa ukumbi, jirani na choo, na karani wake alishazoea kusalimiwa na watu waliobanwa tu. Kazi yake ilikuwa kupokea manung'uniko juu ya nafasi za kujitolea zinazotangazwa na halmashauri. Utashangaa watu wanavyogombania kazi isiyo na mshahara! Huyu alitaka kumwagilia bustani, akapewa mwenzake. Yule aliitwa kufundisha hesabu, akaishia kufagia. Sheria ilikuwa moja: lalamiko halifungwi mpaka mwenyewe atamke kwamba ameridhika.

Kila Jumanne alipiga simu mama mmoja mtu mzima, mshonaji mstaafu. Aliomba nafasi ya kuwasomea wagonjwa magazeti wodini, akakataliwa eti amepita umri.

"Mimi huyu natunga uzi kwenye sindano bila miwani," alisema. "Nyumba imenimeza, mwanangu. Tangu mzee wangu aondoke, naongea na cherehani." Kisha, kabla ya kukata: "Umekula lakini?"

Hapo ndipo shetani alipompitia karani. Kosa alilijua tangu mwanzo: kikomo kile cha umri kilikuwa cha wachimba mitaro, mchapaji akakibandika kwenye tangazo la wodi pia. Dawa yake ilikuwa simu moja kwa muuguzi mkuu. Lakini mke alishamwacha, watoto walimkumbuka kwa nadra, na hapakuwa na mwingine wa kumuuliza kama amekula.

"Bado tunafuatilia, mama," akawa anajibu.

"Haya. Subira yavuta heri."

Jumanne moja sauti ya mama ilitoka kwa kukwaruza.

"Unaumwa?" karani aliuliza.

"Siumwi. Sijaongea na mtu tangu nilipoongea na wewe."

Aibu ilimshika karani. Alipokata, alimpigia muuguzi mkuu palepale.

"Kumbe kosa lenu!" muuguzi alisema. "Si ungesema mapema? Nafasi zilijaa juzi, na hatuchukui wengine."

Kumpigia mshonaji kulikuwa kama kumeza mwiba, lakini alipiga. Alimweleza kosa la tangazo, akamweleza kwamba nafasi zimekwisha.

"Basi, mwanangu. Umenihangaikia sana, Mungu akulipe."

Shukrani hiyo ndiyo iliyomshinda. "Mama, nisamehe. Nilijua tangu mwanzo. Nilinyamaza ili uendelee kunipigia."



"Si ungeniambia tu kwamba uko peke yako," mshonaji alisema taratibu, bila hasira. "Ningekupigia hata bila lalamiko. Sasa andika nimeridhika."

Akakata.

Karani hakuandika. Lalamiko lile liko wazi hadi leo, na mwenyewe hapigi.