Kisanduku cha Kumi na Nne

Katika kituo cha polisi walimwita Mama Fomu, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na moja ndiye aliyesoma majalada yote ya mwezi, akahesabu wizi, mapigano na uharibifu, kisha akajaza fomu ndefu ya makao makuu. Kisanduku cha kumi na nne kiliuliza ni makosa mangapi yametendwa kwa chuki. Hicho alikizoea: sifuri, anasonga mbele.

Mwezi huo akafungua jalada la fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. "Kioo cha duka kimevunjwa. Uharibifu wa mali," sajenti alikuwa ameandika, basi. Lakini ndani ya jalada mlikuwa na picha, na chini ya dirisha lililovunjwa yalisomeka maneno ya rangi nyekundu: RUDINI KWENU.

"Sajenti, mbona haya maneno hayamo kwenye maelezo?"

"Mama, kioo ni kioo. Kivunjwe kwa chuki au kwa mpira, vipande ni vile vile."

Mama Fomu akacheka, maana sajenti alijaliwa mdomo. Lakini moyo haukutulia. Saa ya chakula akachukua mkoba, akaenda dukani mwenyewe.

Fundi, mama wa makamo aliyehamia kutoka ng'ambo ya mpaka, akampangusia kiti.

"Dada, polisi walikuuliza kwa nini ulivunjiwa?"

"Waliniuliza kioo kina upana gani."

Kisha akafunguka. Wanaume wawili, wale wale, walikuwa wakipita kila asubuhi wakiigiza lafudhi yake na kumtaka ahame. "Nikadhani matusi si kazi ya polisi," alisema.

Mama Fomu akayaandika maelezo hayo, akamsomea, fundi akatia sahihi. Sajenti alipoyasoma alikuna kichwa, akavaa kofia. "Haya, ngoja nikawaulize majirani." Siku ya nne wale wawili walikuwa wameshakamatwa.

Fomu ikaenda. Jumatatu simu ikalia: kijana wa takwimu makao makuu.

"Shikamoo mama. Kisanduku cha kumi na nne kina moja. Miaka yote huwa sifuri. Kidole kiliteleza?"

"Marahaba. Hakikuteleza, mwanangu. Zile sifuri ndizo za kutilia shaka."

Kijana akaitikia. "Basi naiingiza ilivyo."

Tangu hapo sajenti akawa anamuuliza kila mlalamikaji, "Unadhani kwa nini wewe?" Mwezi uliofuata yakapatikana makosa matatu ya chuki. Mkuu wa kituo akakunja uso. "Chuki imeongezeka kwangu?"

"Hapana, afande. Tumeanza kuuliza."

Mkuu akazungusha kalamu vidoleni, akatia sahihi.

Jioni hiyo Mama Fomu alipita kwa fundi. Kioo kipya kilikuwa kimewekwa, na ndani wateja wawili walibishana kuhusu urefu wa mikono ya gauni, fundi akiwaamua kwa lafudhi yake ile ile, sauti juu, bila kujibana. Alimwona Mama Fomu mlangoni, akamsogezea kiti kwa mguu huku pini zimejaa mdomoni. Mama Fomu akaketi, akavua viatu, akausikiliza ubishi ule kwa raha zake.