Nyumba ya Kale ya Mjomba Obeti

Dokta Katumwa alizitazama picha za nyumba alizoletewa na mwanafunzi wake, Driwaru, akakunja pua. "Hizi takataka za kambini. Niletee nyumba ya asili, la sivyo digrii uisahau."

Asili! Kana kwamba vita vya mwaka 1980 viliuliza nyumba ipi ni ya kale ili viiache. Driwaru alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu Kampala, akisomea historia ya sanaa na majengo ili afanye kazi ya makumbusho. Alibakiza jambo moja tu: kuonyesha nyumba moja ya kijijini kwao Aroi inayostahili kuhifadhiwa. Akachagua ya mama yake, Filda, aliyerudi kutoka ukimbizini Zaire akajijengea kwa udongo, mlango wa madebe ya mafuta ya msaada, paa nusu nyasi nusu turubai.

Akamlalamikia mjomba wake Obeti, na hapo ukaanza upumbavu wa pili.

"Wacha kulia, mama," mjomba alisema. "Kama yeye nataka ya zamani, mimi iko najenga ya zamani."

Akasimamisha kibanda cha duara, akawasha ndani moto wa magunzi na mavi ya ng'ombe, akakifukiza kama mbegu za mtama zinazotundikwa juu ya moshi zisiliwe na wadudu, hadi paa likawa jeusi tii. Driwaru aliona aibu, lakini akamwalika Dokta. Digrii ni digrii.

Dokta alikuja na kofia na kamera mbili. Akapapasa masizi, akaguna kwa raha, akawatangazia wanakijiji kwamba nyumba hiyo ni ya enzi za mababu, na kwamba mlango mfupi unaonyesha unyenyekevu wao. Mlango ulikuwa mfupi kwa sababu fito ziliisha. Mjomba, bwege mwenye furaha, aliitikia "ndiyo, mkubwa" kwa kila upuuzi.

Driwaru uzalendo ukamshinda. Akamvuta mwalimu kando. "Dokta, hii imejengwa mwezi huu. Mjomba aliifukiza."

"Najua," Dokta alisema, akijifuta masizi kwa leso. "Fito bado mbichi. Lakini nani atakuja makumbusho kutazama madebe ya wakimbizi? Umefaulu, binti. Shukuru."

Driwaru akamtazama mama yake, aliyekuwa akimpigia mgeni makofi pamoja na wenzake.

"Basi hiyo digrii mpe mjomba," akasema. "Yeye ndiye aliyekujengea unachokitaka."