Mawingu Yasiyo na Nyota

Anayesema eda ni mapumziko hajawahi kukaa eda. Kutwa nilikuwa nazunguka: kitandani hadi dirishani, dirishani hadi uani, uani hadi jikoni, ambako mama mkwe wangu, Mwantum, alinitazama kama anayesubiri sufuria ichemke. Nikirudi chumbani nafungua kompyuta. Naifunga. Naifungua tena.

Mume wangu Ilias alikuwa fundi wa magari. Alifia barabara ya kusini, akilijaribu lori alilolitengeneza mwenyewe, na kuanzia siku hiyo sikuvuka lango la nyumba yetu ya mtaa wa Ngagara. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Msiba ulinikuta nimemaliza kuandika utafiti wangu wa shahada ya pili, umebaki utetezi tu: kusimama mbele ya jopo, kuulizwa, kujibu. Profesa wangu, Télesphore, alikuwa anakaribia kustaafu. Akanipigia simu.

"Soumaya, défense yako ni Alhamisi asubuhi. Kisha pale mi niko naenda. Mwenye atakamata nafasi yangu, sijui kama atapenda hayo mavumbi yako."

Hayo mavumbi yangu niyaeleze, maana mtaani walishanipa kazi nyingine. Ilisemekana natazama nyota ili nimjue aliyemloga Ilias. Jirani yetu Lubna alikuja kabisa na jina lake na la mama yake, nimpigie hesabu kama yule mwanamume wa Uvira atamuoa. Nilimwambia mimi sitazami nyota, natazama mahali ambapo nyota hazipo. Akaondoka amenuna, akiamini namnyima.

Kati ya nyota za galaksi yetu kumetanda mavumbi baridi kuliko barafu yoyote. Kwa macho ya kawaida, wingu la mavumbi hayo ni doa jeusi, utadhani anga limetobolewa. Lakini hata kitu baridi kinatoa mwanga wake, ila jicho haliuoni. Wazungu walirusha darubini angani ili iushike mwanga huo. Vyombo vyake vilipozwa kwa gesi ya helia iliyogeuzwa majimaji, nayo ikajificha nyuma ya ngao, haikuligeukia jua maisha yake yote. Helia ilipokwisha, ikapofuka. Picha zake zimebaki, ruksa kwa yeyote mwenye intaneti na subira. Intaneti nilikuwa nayo siku umeme ukipenda. Subira sijawahi kuwa nayo.

Kazi yangu ilikuwa kuyachambua mawingu madogo, moja moja: hili lina nyota inayojitengeneza ndani, hili halina. Lenye nyota huonyesha nukta ya joto katikati. Lisilo nayo hubaki jeusi, hata ulikazie macho vipi.

Siku nilipomweleza Mwantum habari za ile ngao, alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Basi nayo iko mu eda," alisema. "Ikimaliza, nani ataioa?"

Nilipomtajia Alhamisi, kicheko kikakatika.

"Apana. Mwanamuke wa eda hatoki inje."

"Mama, shehe amesema kama kuko haja ya kweli, muchana inaruhusiwa."

"Shehe hana mutoto mu kaburi. We unajua zile barabara na yale mashimo? Na kama uko na kitu mu tumbo?"

Hapo ndipo penyewe. Eda ina sababu zake, na mojawapo ni kwamba ijulikane kama marehemu ameacha mimba. Ilias alikuwa mwanawe wa pekee. Siku za matanga niliwekewa ndagala, vile visamaki vya ziwani, harufu yake ikanitoa mbio hadi uani nikatapika. Nilikuwa sijala wala kulala. Mwantum aliyaona yale matapishi, akafuta machozi, na hakulia tena. Tangu hapo ndagala hazikupikwa nyumbani. Ndoo ya maji alininyang'anya mikononi. Kila asubuhi uji wa maziwa, na yeye amesimama pembeni mpaka niumalize.

Damu ilikuja wiki chache baadaye, kama kawaida yake. Nilitoka chumbani nimwambie. Nikamkuta anapiga pasi kitenge cha zamani, kile alichombebea Ilias mgongoni, nikageuka nikarudi chumbani.

Sasa, mwanamke aliye kwenye siku zake hasali, na katika nyumba ya Kiislamu haifichiki nani hasali. Nikaanza kudai kwamba nasalia chumbani. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani nikitazama mawingu mpaka wakati wa sala upite. Mwezi uliofuata nikafanya hivyohivyo. Haya ilinitafuna. Hasira nayo ilikuwepo, sifichi. Aliyekufa alikuwa mume wangu! Mbona hakuna aliyenitazama usoni, wote walinitazama tumboni?

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Jumatano, wakati wa Alasiri, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya utetezi, na damu imenirudia. Tangu asubuhi nilikuwa nimeupanga upya mkoba wangu hata zipu ikalegea. Niliingia sebuleni nikakuta miswala miwili imetandikwa, imeelekea kibla.

"Njoo tusali pamoja," Mwantum alisema. "Nataka leo tumuombee mutoto. Tukimaliza tuongee hiyo défense yako. Nimefikiri. Pengine na taxi, polepole, utaweza kwenda."

Nilielewa vizuri sana. Nikisimama pale, nikainama na kuinuka pamoja naye, Alhamisi ni yangu. Nikikataa, nimevunja matumaini yake na pengine nimejifungia lango mwenyewe. Miaka yangu yote ya kusoma ilikuwa juu ya kile kipande cha mkeka.

Nilipiga hatua moja. Mwantum niliweza kumdanganya, na Mungu anisamehe, nilishazoea. Kusimama mbele ya Mungu mwenyewe na uongo ule mwilini, hapana. Nikarudi nyuma.

"Siwezi kusali leo, Mama."

"Juu ya nini?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika siku zile zote alinitazama usoni.

"Na mwezi wenye ulipita?"

"Na mwezi wenye ulipita, Mama. Na ule wa mbele yake."

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aligeukia kibla akasali peke yake, sijida ndefu, mgongo wake umetulia tuli, mimi nimesimama mlangoni sijui mikono niiweke wapi. Alipomaliza alikunja mswala wake, kisha akaukunja na wangu.

"Ungeniambia," alisema. "Ningelia, basi. Sasa kila siku niko naomba Mungu anichungie kitu chenye hakiko."

"Unisamehe, Mama."

Aliingia jikoni. Jioni ile aliniwekea ndagala mbele. Nilizila zote.

Alfajiri niliamka nikiwa nimeshakata tamaa. Hata hivyo nilivaa, kwa sababu kutovaa kulinishinda. Nilizunguka uani nikijisemea hotuba yangu kimoyomoyo, nikafika langoni, nikarudi, nikafika tena. Mara ya tatu nikamkuta Mwantum amesimama pale, amevaa buibui, mkoba kwapani. Nje gari liliunguruma. Mafuta yalikuwa adimu mjini kuliko mvua ya Julai, lakini rafiki za Ilias wa gereji hawakuweza kumnyima mama yake.

"Panda," alisema. "Ukitoka weye peke, watu watasema."

Njiani, kwenye kila shimo alinishika mkono, kisha akakumbuka, akauachia.

Ukumbini alikaa mstari wa mbele. Nilionyesha carte yangu, ramani ya mawingu yote, nikaeleza kwa Kifaransa, nikaulizwa, nikajibu. Mwantum Kifaransa chake ni cha sokoni. Alifuata midomo yangu tu. Nadhani Profesa Télesphore aliliona hilo, kwa sababu swali lake la mwisho aliliuliza kwa Kiswahili.

"Haya mawingu yenye hayana nyota ndani. Yako mingi. Juu ya nini hukuyatosha mu carte, hukuyafuta?"

Jibu nilikuwa nimeliandaa, la joto na uzito, na lilikuwa zuri. Likanipotea lote.

"Juu mawingu yako pale, Profesa," nilisema. "Nilitafuta nyota ndani, sikuona. Kama nikiyatosha, au nikisema kuko kitu, carte itakuwa ya uongo. Na hata bila nyota, yako na uzito yake. Inabidi mutu aibebe."

Ndipo nikasikia sauti. Mwantum alikuwa analia. Siku za matanga watu walimsifu kwa subira yake. Ile haikuwa subira, alikuwa anangoja mjukuu. Sasa hakuwa na cha kungoja tena, na alimlilia Ilias pale mbele ya jopo kwa sauti ambayo mama huitoa mara moja tu. Mmoja wa walimu alianza kukusanya karatasi zake.

"Madame," Télesphore alisema kwa upole, "tusimame kidogo?"

Mwantum alijifuta uso kwa ncha ya buibui.

"Apana," alisema. "Mumuache aendelee. Mutoto wangu hajamaliza."

Nikaendelea.